Kope za Twiga

Kwa Mkuu wa Vipindi vya Watoto,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KOPE ZA TWIGA KATIKA KIPINDI CHA "KARAKANA YA KIBOKO", NA MADHARA YAKE KWANGU BINAFSI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza.

Mimi ni fundi miwani. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye dirisha moja linalotazama barabara na mlango unaofungukia sebuleni. Nina mke mmoja, mama mkwe mmoja, na mtoto mmoja wa kike wa miaka sita na nusu ambaye mtaa mzima unamwita Hakimu, kwa sababu akishatoa uamuzi hakuna rufaa. Alipokuwa na miaka mitatu aliamua kwamba biringanya si chakula. Halijapikwa tena nyumbani kwetu hadi leo, ingawa mimi nalipenda.

Si kawaida yangu kulalamika. Idara ya maji ilipochimba mtaro mbele ya mlango wangu ikausahau kwa miezi minane, niliweka ubao juu yake na wateja wakapita. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni, tena shingo yenyewe si ya twiga.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Idadi. Kipindi chenu huanza saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Nikiwa kwenye benchi langu la kazi naiona televisheni kupitia ule mlango wa sebuleni. Kwa wiki sita nimekitazama kipindi hicho nikiwa na daftari, kwa ajili ya uchunguzi tu.

Wahusika ni kumi na mmoja. Kiboko, mwenye karakana, ni mwanamume. Kobe, mvumbuzi, ni mwanamume. Tumbili anayeendesha gari ni mwanamume, na Nungunungu anayelinda geti ni mwanamume. Trekta, ambalo ni chuma tupu, lina masharubu. Wingu la mvua lina sauti nzito kama ya mtangazaji wa mpira. Katika wiki ya tatu jiwe liliporomoka kutoka mlimani likaziba barabara, na lilipofungua mdomo kuomba radhi liliomba kwa sauti ya kiume. Niliweka chini fremu niliyokuwa naikaza nikajiuliza: jiwe? Lingeweza kuwa chochote lile.

Wa kike ni mmoja, naye ni Twiga. Kazi yake ni kushika tochi wakati Kiboko anatengeneza mambo, na kusema, "Jamani, itakuwaje?" Katika wiki hizo sita amesema hivyo mara themanini na saba. Mara moja alisema, "Asante, Kiboko," nikaliandika neno hilo kwa wino mwekundu.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Twiga. Anashika tochi vizuri kuliko wengi, na hajawahi kulalamika kwamba amechoka.

2. Kope zenyewe. Mtazamaji anajuaje kwamba Twiga ni wa kike? Kwa kope. Zinatoka machoni kama njiti za kiberiti, zimepinda juu, tatu kila jicho. Kisha ana utepe wa waridi shingoni, kwa wale ambao hawakuziona kope. Wale kumi wengine hawana ukope hata mmoja. Ndiyo kusema, katika shamba lile, mwenye kope ni mwanamke na asiye na kope ni mwanamume, basi.

Ndugu Mkuu, macho ni kazi yangu. Kwa miaka kumi na tisa nimeyatazama kwa karibu kuliko wanavyoyatazama wapenzi. Nakuhakikishia kwamba kope hazina adabu wala mpangilio. Mteja wangu mmoja ni dereva wa lori la kokoto, mwenye kifua kama kabati, na kope zake ni ndefu hivi kwamba kila akipepesa zinafagia lenzi na kuacha mafuta. Nililazimika kumtengenezea fremu inayokaa mbele kidogo. Twiga wa kweli pia, dume na jike, wote wana kope ndefu. Hilo liko kwenye vitabu na ungeweza kulisoma.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hamkuwa na haja nazo. Lugha yetu ilishawapa nafasi. Nikisema "fundi amekuja", hujui kama aliyekuja ni mwanamke au mwanamume, na fundi atafanya kazi yake bila wewe kujua. "Dereva amegeuza gari." "Mvumbuzi amefikiri." "Yeye ndiye aliyelivuta trekta kutoka kwenye tope." Mngeweza kusimulia msimu mzima hivyo, na kila mtoto angejiweka mahali anapopenda. Badala yake mkachukua kope mkazibandika.

3. Mzee Bata. Mwezi uliopita mhusika anayeitwa Mzee Bata, asiye na kope wala utepe, mwenye fimbo na koti, alitaga yai. Wote wakampongeza. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi niliuliza, lakini nilikuwa peke yangu chumbani.

4. Yaliyotokea nyumbani kwangu. Hapa ndipo penye uchungu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tumekaa mezani. Hakimu alinitazama kwa muda mrefu, mkate umesimama nusu ya njia. Kisha akashuka kwenye kiti, akaja, akanivua miwani, akanikagua jicho la kulia, halafu la kushoto. Ni kweli kwamba nina kope ndefu. Nilizaliwa nazo. Shangazi zangu walikuwa wakisema zimepotea njia. Akanirudishia miwani, akazunguka meza, akamkagua mama yake.

Sasa nikueleze kwamba mke wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anatengeneza mageti na madirisha katika banda lake mwisho wa mtaa, na ukipita katika mtaa wetu, kila mlango unaofunga vizuri ni wake. Mwezi ule alikuwa amewasha mtungi wa gesi huku anamfokea mtu aliyekuja kuchukua geti kabla halijapoa, hakugeuza uso, na moto ukala kope zake zote na nusu ya nyusi.

"Wewe ni mama," Hakimu akaniambia. Akamgeukia mke wangu. "Na wewe ni baba."

"Mimi ndiye niliyekuzaa," mke wangu akasema.

"Hata Mzee Bata alitaga."

Nilimtazama mke wangu nikitarajia msaada. Akanyoosha miguu chini ya meza, akasukuma kikombe chake kwangu, akasema, "Mama Hakimu, niongezee chai."

Mama mkwe wangu ana miaka sabini na moja na kope zake zilipukutika zamani. Yeye akaamuliwa kuwa babu. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Babu huwa anamenya viazi?" Hakimu akafikiri, akasema kwamba hajawahi kusikia. Tangu siku hiyo mama mkwe anakaa barazani miguu juu ya kigoda, anasalimia wapita njia kwa sauti nzito, na viazi namenya mimi.

Jina nalo likatoka nje ya nyumba. Mimi nilikuwa Baba Hakimu. Ndilo jina nililokuwa nalo mtaani, na nilikuwa nalipenda kuliko la kwenye kitambulisho. Wiki ya pili alikuja mama mmoja kuchukua miwani ya mwanawe. Akawauliza watoto waliokuwa wakicheza nje fundi yuko wapi, wakamwambia, "Mama Hakimu yuko ndani." Akaingia, akaniona, akatazama nyuma yangu, akatazama nyuma ya pazia. Nilimwambia ni mimi. Alipokea miwani kwa mikono miwili na kusema, "Asante, mama." Alikuwa na haraka tu ya kuondoka, najua, lakini nililisikia neno hilo kichwani hadi jioni.

5. Shule. Mwalimu wa Hakimu ni mgeni na hajatuona. Aliwaambia watoto wachore familia zao. Hakimu alinichora nikiwa na aproni na kope zinazogusa paa, akaandika chini yake MAMA. Mke wangu alimchora na nyundo, moto unaruka, akaandika BABA. Ninakiri kwamba zaidi ya hapo mchoro ulikuwa sahihi kabisa, hata skrubu za miwani yangu alizihesabu.

Wiki hiyohiyo zikaja karatasi mbili za mwaliko. Kikao cha akina mama, Jumatano saa tatu asubuhi, darasa la kwanza. Kikao cha akina baba, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, darasa la pili. Hakimu akatugawia mwenyewe, na huwezi kumnyang'anya Hakimu karatasi.

Nilikwenda kwenye kikao cha akina mama kwa nia ya kurekebisha kosa. Viti vilikuwa vya watoto. Nilikaa magoti yakiwa kidevuni, na mara tu mwenyekiti, mama mmoja mwuza vitambaa mwenye sauti isiyohitaji spika, alipomaliza kukaribisha watu, nikainua mkono kueleza hali yangu. Kalamu yangu ilikuwa mkononi mwangu.

"Mwenye kalamu amejitolea," mwenyekiti akasema. "Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Ndivyo nilivyochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya akina mama. Ajenda ya kwanza ilikuwa mapazia, na ya pili ilikuwa choo cha watoto kukosa komeo, jambo ambalo, nilivyosoma kwenye kumbukumbu za nyuma, lilikuwa limejadiliwa kwa mihula mitatu mfululizo kwa sababu akina mama walipeleka ombi kwa akina baba, na akina baba wakaahidi kulitazama.

Kupitia ukutani tuliwasikia akina baba. Kwa dakika kumi walikohoa. Kisha nikaisikia sauti ya mke wangu ikiuliza, "Nani kaja na nyundo?" Wakakohoa tena. "Nani kaja na chochote?" Nilikuwa bado naandika "choo kinahitaji komeo" nilipoanza kusikia likigongomelewa. Akina mama wakanitazama. Sikujua niandike nini, nikaandika "komeo: tazama dirishani".

Mke wangu alitoka huko akiwa mwenyekiti wa akina baba. Wanaume wazima walimshika mkono wakamwita mzee. Jioni alinieleza kwamba ni watu wazuri, ila hawajazoea kuambiwa mahali pa kuanzia. Mimi nilikuwa nahariri kumbukumbu za kikao.

6. Mtaa, na hatari kwa taifa. Baada ya hapo Hakimu alifungua mahakama. Alichukua lenzi yangu ya kukuzia na kigoda cha bibi yake, akakaa kwenye ngazi za mbele ya karakana, na watoto wakapanga foleni. Siku ya tatu walianza kuja watu wazima, wengine wakisema wanapita tu.

Mchinja nyama, mtu anayebeba nusu ng'ombe begani kama taulo, aliamuliwa kuwa mama. Alikuja kwangu akaomba miwani yenye fremu nene na lenzi nyeusi. Nilimpima, anaona vizuri kuliko mimi. Nilipomwambia hahitaji miwani, alinong'ona, "Fundi, sihitaji kuona. Nahitaji nisionekane." Mkuu wa ofisi ya posta, mama mtulivu aliyebakiza miaka michache kustaafu, aliamuliwa kuwa baba, akaomba uamuzi huo kwa maandishi, kwa sababu kulikuwa na vikao fulani ambavyo alikuwa haalikwi. Paka wa jirani, aliyezaa watoto wanne nyuma ya kabati langu, aliamuliwa kuwa baba wa familia. Nilijaribu kutoa ushahidi. Hakimu aliniambia nikae na nisubiri nitakapoitwa.

Ndugu Mkuu, fikiria jambo hili likiachwa liende. Watoto wa leo ndio makarani wa sensa wa kesho. Watagonga milango wakiwa na lenzi mkononi. Mtu yeyote mwenye mkasi mdogo wa kucha ataweza kubadilisha hesabu ya taifa kwa dakika moja. Timu ya taifa ya wanaume, ambayo kipa wake ana kope nzuri kuliko zangu, itabidi icheze imefumba macho. Wapo watakaosema ndivyo inavyocheza sasa, lakini hilo si suala la idara yako. Na ng'ombe je? Umewahi kumtazama fahali machoni? Ana kope za bibi harusi. Siku mkulima atakapoambiwa na mwanawe amkamue, damu itakuwa mikononi mwenu.

7. Mimi mwenyewe. Nilifikiri nisiliandike hili, kisha nikaona bila hili barua haijakamilika.

Jumanne iliyopita Hakimu alianguka kutoka kwenye ukuta wa jirani akachubuka goti. Akalia, "Mama." Mke wangu aliacha mashine yake na mimi niliacha lenzi ikizunguka, tukafika pamoja. Hakimu akainua mikono kuelekea kwangu. Nilimbeba, nikamwosha goti, nikampuliza, akanyamaza kichwa kikiwa begani kwangu. Nilifurahi sana. Kisha nikakumbuka neno alilokuwa ameniita.

Huyu mtoto neno lake la kwanza lilikuwa "taa". La pili lilikuwa "hapana". Mimi nilisubiri "baba" miezi mingi sana, nikimtamkia kila asubuhi nikiwa nimemshika mbele ya kioo, na lilipotoka nilifunga karakana siku hiyo. Sioni kwa nini nilipoteze kwa sababu kuna mtu katika ofisi yako mwenye kalamu ya kuchorea na muda wa ziada.

Kwa hayo yote, naomba moja kati ya haya, na likiwezekana yote:

(a) Twiga anyolewe kope hewani, mbele ya watazamaji, na Kobe aeleze sababu kwa lugha rahisi.

(b) Ikishindikana, basi wahusika wote wawekewe kope. Wote, Ndugu Mkuu, pamoja na trekta, wingu na lile jiwe. Niko tayari kuja ofisini kwenu na vipimo vyangu ili kila mmoja apate urefu unaolingana na jicho lake. Trekta litasumbua kwa sababu ya mwanga, lakini nimeshachora namna.

(c) Uandaliwe msimu mmoja ambamo wahusika kumi ni wa kike na mmoja tu ni wa kiume. Huyo mmoja awe Kiboko, ashike tochi, na aseme, "Jamani, itakuwaje?" mara themanini na saba. Mkikosa mtu wa kuigiza sauti hiyo, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha dukani na wateja wawili wameisifu.

(d) Nipewe barua yenye nembo na muhuri wa kituo chenu, ikieleza kwamba mimi, mwenye kope hizi, ni baba. Nitaitundika karakanani, juu ya ubao wa kupimia macho, ambapo kila mtu lazima asome.

Kwa kuwa haki ya mtoto na ya mzazi zote ziko mezani pako, naamini hutaiweka barua hii chini ya nyingine.

Nisalimie aliyebuni Kiboko, msomaji wa habari wa saa mbili ambaye miwani yake imepinda upande wa kushoto (aje, ni kazi ya dakika mbili), walinzi wa getini, wapishi wa kantini yenu, na yule bwana aliyeigiza jiwe. Pamoja na yote niliyoyasema, aliomba radhi vizuri sana. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe anasema niandike "babu anawasalimu", nami nimeandika ili tulale kwa amani.

Ni mimi, kwa heshima na taadhima,
Fundi Miwani
(Baba Hakimu)
Katibu, Kamati ya Akina Mama, Darasa la Kwanza

Nyongeza:

Ndugu Mkuu, kabla sijafunga bahasha, mke wangu aliisoma barua hii kwa sauti tukiwa mezani mchana huu wa Jumapili, ili kutazama tahajia. Hakimu alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

"Mimi sitazami Karakana ya Kiboko," akasema.

Nilimwuliza tangu lini.

"Tangu shule ifunguliwe. Saa hizo niko kwa fundi cherehani tunaruka kamba, mimi na wenzangu. Anayetazama ni wewe. Tukipita dirishani tunakuona."

Mke wangu akaweka barua chini akatazama dari. Nilimkumbusha Hakimu kuhusu Mzee Bata. Akasema habari za Mzee Bata nilimhadithia mimi wakati wa chakula, tena kwa siku nne mfululizo, na za kope pia. Basi umama wangu aliutoa wapi? Akaenda kwenye mkoba wake akaleta kitabu cha kusoma cha shule, ukurasa wa tisa. Kuna picha ya nyumba, na chini yake imeandikwa: "Mama yuko nyumbani anapika. Baba amekwenda kazini." Alikuwa amesoma hapo, akatazama humu ndani nani yuko nyumbani anapika na nani amekwenda kazini, akatoa uamuzi. Kope aliziongeza baadaye.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Watu wanapenda ushahidi."

Kwa hiyo naomba malalamiko ya kwanza hadi ya saba uyachukulie kuwa hayajaandikwa, pamoja na maombi (a), (b) na (d). Kope za Twiga msiziguse. Zinampendeza, na nisingependa kumwona bila hizo.

Kuna jambo moja tu. Ijumaa Twiga aliteleza akatumbukia kisimani na tochi yake. Alikuwa anaita "Jamani, itakuwaje?" na Kiboko hajui ailete kamba au ngazi, hapo ndipo alipoingia mteja wa skrubu. Niliporudi kutazama, wimbo wa kufungia ulikuwa umeanza. Leo ni siku ya pili sina raha. Naomba unijulishe kwa njia ya haraka kama alitoka salama, na kama tochi ilipona. Nililisema jambo hili hapa mezani, nikaeleza kina cha kisima na jinsi kuta zilivyo na utelezi. Hakimu alikuwa ameshafika mlangoni na kamba yake ya kurukia.

"Baba," akasema, "yule ni twiga. Si asimame tu."

Akaenda kucheza. Ameniita baba, na mke wangu ni shahidi.